Kukata Tiketi: Nani Anakata, na Anakata Nini?

Kuna maneno mawili ambayo kila mtu wa Unguja huyasema na ambayo baadhi ya walimu wa lugha hawapendi kuyaona kwenye karatasi: kukata tiketi. Mtu huteremka Malindi kukata tiketi ya boti. Hupita Ngome Kongwe kukata tiketi ya tamasha. Na wazee waliokulia Mjini watakuhadithia walivyokuwa wakisukumana pale Majestic kukata tikti (wao hawasemi tiketi) ya senema mpya ya Kihindi. Lakini yaandike maneno hayo kwenye insha, au mpe mhusika wako ayaseme katika mchezo wa kuigiza, karatasi itarudi ina wino mwekundu: "kununua tiketi". Hoja inayotolewa ni kwamba tiketi ni bidhaa, bidhaa hununuliwa, na hiyo "kukata" ni Kiswahili cha vituo vya mabasi.

Makala haya yanakusudia kuupinga wino huo. Nitaonyesha kwanza kwamba kukata tiketi na kununua tiketi si kitu kimoja, na mwenye kulifuta la kwanza akaweka la pili anabadilisha maana. Pili nitaonyesha kwamba maneno haya yana ukoo mkubwa, na ukoo wenyewe uko baharini, baina ya Bombay, Cairo na Unguja, si katika kituo cha basi. Na tatu, jambo ambalo mimi naliona ndilo lenye uzito zaidi, kwamba Kiswahili hakikuyachukua maneno hayo kama kasuku. Kimemgeuza mtendaji.

Tuanze na maana, kwani kutafuta asili kabla ya maana ni kupiga ramli.

Mtu akikwambia "nimenunua tiketi", hujajua kaipata wapi. Huenda kaipata dirishani, huenda kwa rafiki aliyeghairi safari, huenda kwa mlanguzi kichochoroni. Akikwambia "nimekata tiketi", umeshajua: kaichukua kwa mwenye kuzitoa, ikiwa mpya, na kiti au namba yake imeshaondoka katika hesabu ya zilizobaki. Hakuna asemaye "nimekata tiketi kwa mlanguzi". Mlanguzi anauza, hamkatishi mtu. Na upande wa pili, mtu hukatiwa tiketi bila ya yeye kutoa hata senti moja: mtoto humkatia mama yake tiketi ya ndege, ofisi humkatia mfanyakazi. Fedha zipo mahali fulani katika habari hiyo, lakini kitenzi hakizitazami. Kinalotazama ni lile tendo la karatasi kutengwa na wenzake na kuwa ya mtu maalumu.

Anayetaka ushahidi zaidi atazame ndugu za tiketi. Tunasema kukata leseni, kukata bima, kukata kadi ya chama. Sasa jaribu kutumia ule wino mwekundu hapo. Ukisema jirani yako "kakata leseni ya udereva", umetoa habari. Ukisema "kanunua leseni", umemtukana: una maana katoa rushwa na kuendesha hajui. Kadi ya chama vile vile. Basi ikiwa tofauti hiyo iko wazi kwa leseni, kwa nini ipotee kwa tiketi? Na nyuma ya hizo kuna kukata rufaa na kukata shauri, ambako hakuna karatasi wala bei, kuna kule kufikia mwisho wa jambo na kulitenga na mengine. Kitenzi hichi cha kata kimebeba mengi katika lugha yetu, zaidi ya kisu na panga.

Mlanguzi nimemtaja, na afadhali nimalizane naye. Neno ulanguzi lilipata ukali wake mkubwa 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu na Serikali ya Muungano ikiendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Lakini nje ya majumba ya senema biashara hiyo ilikuwapo zamani. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake Reel Pleasures kilitoka 2018, ameyaandika kwa urefu maisha ya senema za Tanzania, pamoja na hizo tiketi za magendo. Senema mpya ya Kihindi siku ya Jumapili ilikuwa shughuli ya familia nzima, na aliyechelewa kukata alikuwa hana budi kununua. Sentensi hiyo niliyoiandika sasa hivi ina maana kwa sababu vitenzi viwili ni viwili. Ifanyie masahihisho, uone inabaki nini.

Sasa historia. Tiketi yenyewe si ya kale kwetu. Ngoma ilichezwa uwanjani na aliyefika kafika. Penye mlango palikuwa na jambo jengine, nalo ni uanachama au kufunzwa. Unyago hauingii kwa kulipa, asiyechezwa haoni. Taarab nayo, ilipotoka kwenye kasri la Sayyid Barghash (aliyetawala 1870 hadi 1888) na kuingia mjini, iliingia katika klabu. Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905, inajiita nadi, na nadi kwa Kiarabu ni klabu, pahala pa wanachama kukutana. Wakati huo neno linalotufaa ni kiingilio, na hili walimu hawaligombi, kwa kuwa linaonekana Kiswahili safi.

Na kweli ni safi, tena lina siri nzuri. Zamani -ingia ilikuwa na l mwishoni, na hiyo l ikapotea kama ilivyopotea katika -chukua na -zaa. Inajitokeza tu tukiingia kauli ya kutendea: chukulia, zalia, ingilia. Ongeza ki- mbele na -o nyuma, kama wanavyofanya washairi kwa kiitikio na kiishio, upate kiingilio: kile ambacho kwacho mtu huingia. Maana yake ya zamani bado iko hai nje ya ukumbi. Mtu akijiunga na chama cha kuweka na kukopa hulipa kiingilio mara moja, halafu hununua hisa. Yaani kiingilio kinamfanya awe mmoja wao. Tukikihamishia kwenye mlango wa ukumbi kinakuwa bei ya saa mbili, na ukitoka umetoka. Hilo ni badiliko kubwa na linastahili makala yake. Hapa nalitaja kwa sababu moja tu. Kiingilio ni neno la anayeingia. Tiketi ni neno la karatasi. Karatasi ilipokuja, ilikuja na kitenzi chake.

Ilikuja kwa njia gani? Kwa Unguja, kwanza kwa usafiri. Meli za kampuni ya British India zilianza safari zao za barua za kuja Unguja 1872, na zikawa zinatuunganisha na Aden na Bombay. 1905 ikaja reli ya Bububu, ya maili saba hivi, iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe na kupenya vichochoro vya Mji Mkongwe; haikufika miaka ya 1930. Na 1921 ukafunguliwa Vuga ukumbi wa Royal, mali ya Hassanali Adamji Jariwalla, kwa ramani ya John Sinclair, yule yule ambaye majengo yake ya mtindo wa Kiarabu bado yanapigwa picha na watalii. Royal baadaye ukaitwa Majestic, ukaungua, ukajengwa upya na kufunguliwa tena 1955. Empire na Sultana zikawa washindani wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 senema zikawa mikononi mwa Serikali.

Mpangilio wa ndani ya kumbi hizi una faida kwa mjadala wetu. Mbele kabisa, karibu na pazia, palikuwa rahisi. Nyuma na juu rubani palikuwa ghali. Kwa hiyo haikutosha kuwa na kiingilio, ilikupasa uwe na karatasi inayosema wewe ni wa wapi. Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana kwa neno la Kihindustani, na hapo mara nyingi kukata tiketi ni kazi ya kutumwa mtu: kijana atangulie, mama na shangazi wafuate na mabuibui yao. Sentensi kama "nenda ukatukatie" inakaa vizuri hapo. Nani angesema "nenda ukatununulie" bila ya kutaja kitu gani?

Baadhi ya watu hutosheka na maelezo mepesi: tiketi zilikuwa katika kitabu, karani alikata moja akakupa, kipande kikabaki kitabuni. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, anachokifanya karani kwa mkono wake Kiswahili kina neno lake: anachana. Mlangoni, yule mlinda mlango akiigawa tiketi yako vipande viwili, hatusemi kakata, tunasema kaichana. Dirishani hukatwa, mlangoni huchanwa, na mikono yote miwili imefanya tendo lile lile. Ingekuwa jina limetokana na kutazama tu, tungekuwa na kuchana tiketi pande zote mbili. Pili, tiketi za reli za mtindo aliouanzisha Mwingereza Thomas Edmondson karne ya 19 hazikutoka kitabuni kabisa. Zilikuwa vikadi vigumu vilivyokwisha kuchapwa na kutiwa namba. Karani huchomoa kimoja na kukigonga tarehe. Hakuna kilichokatwa. Na bado abiria wa Afrika Mashariki wamekata tiketi za reli miaka na miaka.

Basi tutoke nje ya ofisi ya karani tukasikilize majirani.

Mhindi anayezungumza Kihindi au Kiurdu ana tiket katna kwa upande wa karani au kondakta, yaani kukata tiketi, na tiket katana kwa upande wa abiria, yaani kuifanya ikatwe. Mmisri akisema kanunua tiketi husema kakata: kitenzi chake ni qata'a, na tiketi yake ni tadhkira, neno la shina moja na dhikri, kwa hiyo kwa asili ni kumbusho. Watu wa Sham nao wanakata. Ghuba wako wanaotumia qassa, ambayo ni kukata kwa mkasi. Waturuki, ambao hawana undugu wa lugha na Waarabu wala Wahindi, wana bilet kesmek, nako ni kukata. Ukichora ramani ya watu wanaokata tiketi utajikuta unachora njia za meli na majahazi, pamoja na njia za filamu, kwani senema za Unguja zililishwa na Bombay na Cairo kuliko inavyokumbukwa leo.

Waingereza je? Hao ndio waliotupa neno tiketi lenyewe (nao walilichukua kwa Wafaransa, likiwa na maana ya kijikaratasi kilichobandikwa). Lakini kitenzi hawakutupa. Mwingereza hununua, au huweka nafasi. Wamarekani wana kukata hundi, na mtu mbishi anaweza kunikumbusha kwamba reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Namkubalia reli, simkubalii kitenzi.

Hapa panahitaji uangalifu. Wahindi wengi wa Unguja ni watu wa Gujarat na Kutch, na Mgujarati akitaka kusema kukata husema kapvu, si katna. Kwa hiyo tusimfikirie mwenye duka wa Mji Mkongwe akitufundisha maneno haya kwa lugha ya nyumbani kwake. Kihindustani kilikuja kwa mlango mwengine: kwenye reli, kwenye meli, kwa askari, na zaidi ya yote kwenye pazia la senema, ambako Mgujarati na Mswahili walikaa pamoja wakisikiliza lugha isiyokuwa ya mama ya mmoja wao.

Kuna jambo jengine ambalo nadhani liliisaidia sana safari ya maneno haya, nalo ni bahati tupu ya sauti. Kiswahili: kata. Kihindi: kat. Kiarabu: qata'a. Hata Kiingereza: cut. Mtu mwepesi atasema lazima yote yana baba mmoja, na kwa kuwa sisi tumezoea kuambiwa kila neno letu limetoka Uarabuni, atamaliza kazi hapo. Si kweli. Kata yetu ni ya Kibantu. Mkongo wa Lingala, mbali kabisa na mwambao, anasema kokata. Katna ya Kihindi ina nasaba yake katika Kisanskriti, na qata'a ina shina lake la herufi tatu kama maneno mengi ya Kiarabu, tena ile ayn ya mwisho Mswahili haimtoki hivi hivi. Watu wanne wamefanana sura bila ya kuwa ndugu. Lakini fikiria foleni ya mji wa bandari ambamo Mhindi, Mmanga na Mswahili wanasimama pamoja mbele ya dirisha moja, kila mmoja na kata yake mdomoni. Neno halikuhitaji kutafsiriwa. Kila mmoja alilisikia kama lake, na kila mmoja alikuwa na haki. Rai yangu ni kwamba kukata tiketi hakukukopwa na mtu mmoja kutoka kwa mwengine. Kulikubaliwa na wote, kwa kuwa hapana aliyekuona kugeni.

Nafika sasa pale nilipopaita penye uzito. Turudi kwenye sarufi, na wenzangu wasioipenda sarufi wanivumilie kidogo.

Kwa Kihindi, anayekata ni mwenye tiketi: karani, kondakta, serikali. Abiria hawezi kukata. Yeye husababisha ikatwe, na kitenzi kinabeba alama ya kusababisha. Nguvu iko upande wa dirisha. Kiswahili kimegeuza. Kwetu anayekata ni abiria, mtazamaji, mtu wa foleni. Karani ndiye aliyepewa kauli ya kusababisha: anakatisha tiketi, na kazi yake ni mkatisha tiketi. Maana yake karani wetu yupo ili mimi nikate. Kondakta wa daladala tunaweza kusema anakata, hilo lipo, lakini nenda kwenye ofisi za boti au za mabasi ukasikilize: wanaokaa nyuma ya dirisha ni wakatisha tiketi, na wanaokata ni wananchi. Katika hili tumesimama karibu zaidi na Mmisri, ambaye naye humpa mnunuzi kitenzi, kuliko na Mhindi. Sisemi kwamba mtu alikaa akaamua hivyo. Lakini lugha ilipopewa nafasi ya kuchagua nani awe mtendaji katika tendo la kupita mlangoni, ilimchagua anayepita.

Matokeo yake yanaonekana katika methali za magazeti, kama naruhusiwa kuziita hivyo. Timu ikishinda nusu fainali, kichwa cha habari ni "yakata tiketi ya fainali". Hapo hakuna dirisha, hakuna karani, hakuna bei. Kuna mtu aliyeipata haki yake kwa jasho. Sasa nenda India. Mwanasiasa ambaye tiket yake "imekatika", tiket kat gaya, ni yule aliyenyimwa na chama chake nafasi ya kugombea. Kitenzi ni kile kile na karatasi ni ile ile, lakini wetu kafuzu na wao katemwa. Tofauti yote imetokana na kumpa kitenzi huyu badala ya yule. Na mtu anataka kutwambia kwamba haya ni makosa ya kituo cha basi!

Kwa kulinganisha, tutazame kidogo Kiingereza, maana wanafunzi wa drama tunalisoma neno box office kila siku. Wengi wamesikia kisa kwamba enzi za Shakespeare watazamaji walikuwa wakitia senti kwenye kisanduku mlangoni, na kisanduku kikapelekwa ofisini. Ni kweli kwamba senti moja ilimtosha mtu kusimama uwanjani pale Globe, na aliyetaka kukaa aliongeza. Lakini neno lenyewe linaonekana katika karne ya 18, na box inayokusudiwa ni kile chumba kidogo cha pembeni ya ukumbi wanamokaa wenye uwezo. Ofisi ya box ilikuwa ofisi ya kukodisha vyumba hivyo. Kwa hiyo Kiingereza kimeliita dirisha lote kwa jina la wateja wachache wa juu, na waliosimama uwanjani wakafuata jina hilo hilo. Mhindi anasema tiket khirki, Mwarabu shubbak al-tadhakir, na sisi dirisha la tiketi, au dirishani tu. Sote watatu tumeona dirisha. Ndilo alilosimama mbele yake kila mtu, wa mbele na wa rubani.

Kwa mwandishi wa tamthilia haya si mapambo. Chukua mke na mume, au wachumba, na tiketi mbili mezani. Mmoja anauliza: "Nani kakununulia?" Hilo ni swali la fedha, na jibu lake linaweza kuwa kiasi. Sasa aulize: "Nani kakukatia?" Hilo ni swali jengine kabisa. Linauliza nani alisimama kwenye foleni kwa ajili yako, nani alilitaja jina lako dirishani, nani alijua kwamba mtakuwa wawili. Ugomvi mzima wa onyesho la pili unaweza kutoka katika herufi hizo. Na kwa mtu atakayeandika juu ya Unguja ya miaka ya 1950, ile ya riwaya ya Shafi Adam Shafi Vuta N'kuvute (1999) iliyofanywa filamu 2021, mhusika anayesimama mbele ya senema na kusema "naomba kununua tiketi" atasikika kama mgeni aliyeshuka jana na kitabu cha mazungumzo mkononi.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja kama kukubali "kukata" si kufungua mlango kwa kila neno la mtaani. Simuoni mantiki yake. Neno la mtaani likipewa muda hujieleza lenyewe: likiwa na maana yake peke yake, na nyumba yake katika sarufi, na likazaa watoto (kukatia, kukatiwa, kukatisha, mkatisha), limeshakuwa la nyumbani. Kununua tiketi nako nakuachia nafasi yake: kwa mlanguzi.

Siku hizi tiketi ya boti au ya tamasha inaweza kuja kwenye simu. Hakuna kitabu, hakuna kikadi, na dirisha lenyewe mtu halioni. Mlangoni mlinzi anamulika mistari kwenye kioo cha simu na kukuashiria upite, kwa hiyo kule kuchana ndiko kunakoondoka, na sijui vijana wanaotufuata watakuwa wanajua kwamba tiketi ilikuwa ikichanwa. Kukata kumebaki. Watu wanakata tiketi usiku, wamelala kitandani, taa imezimwa.